Kufungua ni Huduma

Jirani yetu fundi cherehani anadai alisimama kando kabisa ya jukwaa, Mkuu wa Bei alipoweka mkono kifuani na kutangaza: "Kuanzia leo, kiu ya mwananchi ni jukumu la serikali!" Anadai watu walilia. Sibishi. Mimi nilikuwa baani kwa shangazi nafuta meza, ila kwa jinsi bia ilivyokuwa imepanda, kulia ilikuwa haki yao.

Bei ikashushwa kwa amri. Tangazo likaja na mhuri, tukalibandika juu ya friji. Jambo zuri sana. Kasoro ilikuwa ndogo tu: bei mpya ya kuuzia ilikuwa chini ya ile tunayonunulia kiwandani. Kiwanda hakikutajwa, nadhani kwa heshima.

"Shangazi, tutafunga baa," nikasema.

"Tufunge tule nini? Hebu soma tena. Wameandika chupa iwe wazi?"

Nikasoma mpaka kwenye mhuri. Hawakuandika.

Basi tukauza bia kwa bei halali, ikiwa na kizibo chake. Kufungua kukawa huduma, na huduma inalipiwa. Opena ikaning'inia shingoni kwa shangazi kama medali. Wateja wakanung'unika, wakazoea. Kinyozi peke yake aligoma, akafungua kwa meno. Siku hizi anacheka mdomo ukiwa umefungwa.

Mkuu wa Bei akaja mwenyewe, na suti yake.

"Mama, naifunga baa hii!"

"Kwa kosa gani, mheshimiwa? Bei si hiyo hapo ukutani?"

Akasoma. Sahihi ilikuwa yake. Akanunua moja kwa ajili ya uchunguzi. Ikaja ya baridi, imefungwa. Akaizungusha. Akaipeleka mdomoni, akamtazama kinyozi, akairudisha mezani. Mwisho akalipia huduma.

Kamati ikaundwa, ikakaa palepale baani ili iwe karibu na tatizo. Ilichunguza tatizo kwa bidii, wajumbe wengine wakabebwa kurudishwa nyumbani. Amri ya pili ikatoka: kufungua chupa baani ni kazi ya umma, ni bure, na itafanywa na Mkuu wa Bei au atakayemteua. Raia akifungua, ni kosa. Na ili kuzuia upendeleo, afisa hatajifungulia mwenyewe.

Shangazi aliuliza swali moja tu: "Na huyo afisa atakaa wapi? Ofisi ya serikali ikae bure kwa mtu?"

Leo stuli ya kona ni ofisi ya serikali, ina bendera ndogo, na kodi yake inatulisha vizuri kuliko opena. Aliyeikalia ni Mkuu mwenyewe. Wote aliowateua waliugua mgongo siku moja.

"Mkuu! Meza ya dirishani tunakauka huku!"

"Nakuja, jamani, nina mikono miwili tu!"

"Serikali gani hii goigoi?" kinyozi anauliza, mkono mdomoni.

Jana jioni wateja walipopungua, Mkuu alinunua bia kwa pesa yake, bei halali. Akaiweka mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Mdogo wangu, nifungulie hii moja tu. Koo limekauka. Nani ataona?"

Nikatazama amri ya pili, iliyobandikwa kando ya ile ya kwanza juu ya friji. Nikamtazama shangazi, naye akatazama dari. Mezani palikuwa na doa. Nikaanza kulifuta, taratibu.