Vikopo Tisa na Boksi Lililolala Kichwa Chini

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya kazi ya watu watatu! Kiti cha msimamizi wa chumba cha kufungia sampuli kiko wazi, na mkuu wa maabara yetu ametangaza kwamba atakipata yule ambaye maboksi yake yatafika maabara kuu ya utafiti bila lalamiko. Tuko wawili tu. Mimi, na mwenzangu wa meza ya dirishani, anayeitwa na wote Dada Kanuni. Karatasi ya sheria ameibandika ukutani mwenyewe, na bado kila asubuhi anaisoma kwa kidole, utadhani imebadilika usiku.

Nilipangiwa vikopo tisa vya makohozi, vya wagonjwa wa kifua kikuu ambao dawa za kwanza zimegoma kuwatibu. Sheria inasema kikopo kikazwe, kizungushiwe pamba, kiingie kwenye chombo cha pili kisichovuja, ndipo kikae ndani ya boksi gumu. Fomu za wagonjwa zisigusane na vikopo. Uchore mishale kuonyesha juu ni wapi. Upige simu kwanza. Usitume Ijumaa, kwa sababu wenzetu hawafungui Jumamosi na Jumapili. Hee! Mpaka umalize yote hayo, mgonjwa ameshapona mwenyewe.

Pamba ilikuwa imeisha. Kuifuata stoo ni kumsubiri mtunza stoo amalize maongezi yake ya simu. Nikawaza. Fomu si karatasi? Na karatasi si inanyonya maji? Nikakizungushia kila kikopo fomu yake! Akili kumkichwa! Vyote tisa kwenye boksi moja, robo saa tu. Dada Kanuni akaniuliza chombo cha pili kiko wapi. Nikamwambia ashughulike na vikopo vyake. Akanikumbusha kuwa leo Ijumaa. Nikamwambia kalenda naijua. Vya kwake vinne akavirudisha kwenye friji vingoje Jumatatu, pole yake. Mimi nikaandika ubavuni mwa boksi, kwa kalamu nene, "Imefungwa na", kisha jina langu lote mpaka la babu.

Dereva wa vifurushi ameondoka nalo saa tisa. Kiti changu hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Kikopo kimoja katika vile tisa ni cha baba mkwe. Mwalimu mstaafu, yuko kwetu tangu mwezi uliopita, amepewa chumba cha pembeni chenye madirisha wazi. Anakohoa mwezi wa tatu sasa. Amekonda mpaka mkanda ameutoboa tundu jipya. Daktari hawezi kumwanzishia dawa nyingine mpaka maabara kuu iseme ipi itamfaa.

Mke wangu amesema majibu ya baba yake yakija mapema, atanisamehe mambo yote ya mwaka jana. Yote! Nikaenda mpaka dirishani kwa mzee, kifua mbele, nikamwambia sampuli yake nimeifunga kwa mikono yangu hii. Akasema basi ana amani. Nikatembea nyumba nzima nikipiga mluzi.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa!

Maabara kuu wamepiga simu, na nani kaipokea? Mimi. Mama mmoja mwenye sauti ya upole, ule upole wa kutisha. Akanieleza kwamba boksi lilikuta mlango umefungwa, likakaa kibandani kwa mlinzi siku mbili, kichwa chini, kwa sababu halikuwa na mshale hata mmoja. Vikopo viwili vimevuja. Fomu zote zimelowa, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, sembuse kuzisoma. Haijulikani kikopo kipi ni cha nani. Vyote tisa vimeteketezwa. Na mlinzi aliyelibeba amepelekwa kupimwa.

Akauliza kama aliyefunga yupo karibu. Nikasema ametoka kidogo.

Nikajifungia chooni. Yule mlinzi nimemfanya nini mimi? Hata sura yake siijui. Na mzee anangoja majibu ambayo yamekuwa majivu. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumanne, 11 Machi

Nina mpango! Wagonjwa watoe sampuli upya, na mtu asijue. Nimewapigia simu mmoja mmoja. Nimewaambia makohozi yao yamewavutia sana wataalamu, wanaomba mengine. Wote wanane wamekubali. Fundi cherehani mmoja ameuliza kama watapewa cheti. Nimesema tutaona.

Wa tisa yuko nyumbani kwangu. Nilimpa kikopo kipya huku nikitazama pazia. Mtu na baba mkwe wake, jamani! Aliuliza wataalamu wamependa nini hasa. Nikasema uzito. Akanitazama kwa muda mrefu juu ya miwani, kisha akasema sawa, mwanangu.

Hilo "mwanangu" bado nalisikia mpaka sasa.

Jumatano, 12 Machi

Mzee ametoka uani mapema, kwenye hewa wazi kama alivyoelekezwa, akaanza kujikohoza. Kwa nusu saa. Ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Mke wangu analia jikoni, na mimi nimesimama nyuma ya mlango, viatu mkononi, nashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alipomaliza alikikaza kikopo mwenyewe, akaniuliza kwa sauti iliyokauka kama wataalamu watatosheka. Nikasema watatosheka, baba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kazini, wale wanane walipokwisha kuleta vikopo vyao, nikaenda kwenye meza ya Dada Kanuni nikamwambia ukweli. Nusu ya ukweli. Nilisema boksi liliangushwa na dereva. Akavaa glavu, akafuata pamba stoo mwenyewe, akafunga vyote tisa kimoja kimoja, fomu akazitenga kwenye mfuko wake, akachora mishale, akapiga simu. Kifuniko cha kikopo cha mzee alikikagua mara mbili. Mimi nilishika mkasi.

Alhamisi, 13 Machi

Maabara kuu wametuma picha kwa vituo vyote. Ni boksi langu. Chini yake wameandika "Usifunge hivi". Jina langu linasomeka vizuri kuliko kitu chochote kwenye picha hiyo, mpaka la babu! Marehemu babu, mtu wa watu, hakuwahi kuyagusa makohozi ya mtu yeyote.

Mkuu aliniita. Hakufoka, na bora angefoka. Alisema wagonjwa tisa wamepoteza siku tano, na kwamba mmoja wao ninamjua kwa kikohozi chake. Nikamwomba dereva msamaha pia, kwa kumsingizia. Kiti amepewa Dada Kanuni. Nyumbani habari zilinitangulia, na mke wangu sasa ananisemesha kupitia mlango.

Jumatano, 19 Machi

Majibu yamekuja. Mlinzi ni mzima! Nilikaa chini kwenye korido nikashukuru. Na dawa ya mzee imejulikana, ameanza leo hii.

Nikaenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Akanikatiza, akasema alijua tangu Jumanne ile. Miaka thelathini na moja darasani, alisema, anamtambua aliyemwaga wino tangu anapoingia mlangoni. Nikauliza kwa nini basi alikubali kukohoa vile, katika hali ile. Akasema alihitaji dawa, na pia alikuwa akinipa nafasi ya kusema mwenyewe.

Nililia mbele ya baba mkwe wangu, mtu mzima mimi. Nikamwapia kwamba sheria za sampuli nitazifuata zote, mpaka siku ya kufa kwangu. Alinipigapiga begani. Nimeumia kuliko kama angenichapa.

Alhamisi, 20 Machi

Mtu mpya! Nimefika wa kwanza. Nimesoma karatasi ya ukutani kwa kidole. Nimepewa sampuli za kusafiri na barafu kavu, kazi ya watu wanaoaminika. Pamba, tayari. Chombo cha pili, tayari. Mishale, nimechora kumi na miwili. Simu, nimepiga. Na jina langu sikuliandika popote. Dada Kanuni, yaani Msimamizi, alitikisa kichwa kuridhika, akaenda kunywa chai.

Limebaki jambo moja dogo. Sheria inasema boksi la barafu kavu liachiwe upenyo, kwa sababu barafu hii haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa, na hewa ikikosa pa kutokea boksi linapasuka. Sawa. Lakini nimeweka kiganja hapo kwenye upenyo. Baridi yote inatokea hapo hapo! Hasara tupu, na mgonjwa wa watu anangoja. Nimeziba kwa utepe, mizunguko mitano.

Limeanza kuvimba kidogo ubavuni. Si neno. Nimelikalia, na juu yake ndipo ninapoandikia haya.