Ramani Imempeleka Baba Saluni

Leo nimeaibika nikiwa ndani ya suti. Naandika hapa Ilula kando ya barabara, nimekaa kwenye gari, na Shangazi yuko nje anachagua nyanya. Nawaambia mwenyewe kabla hajawaambia yeye, maana akianza yeye ataongeza chumvi.

Mnajua leo ilikuwa siku ya posa yangu. Muoaji mimi, dereva mimi (gari ni langu, ningefanyaje). Kiti cha mbele Baba, na kofia yake na fimbo yake. Nyuma Shangazi Tusa, na Mzee Shabani, jirani yetu wa Mbeya anayeuza vitambaa, ambaye ndiye mshenga. Jana tumelala Iringa mjini. Leo asubuhi tukaanza safari ya kuja Ilula kwa kina Zawadi, na kati yetu wote hakuna aliyewahi kufika kwao. Barua ya posa ilipokelewa na mjomba wake pale Iringa.

Juzi kaka yake Zawadi alinipigia: "Shemeji, nitawasubiri njia panda, kwenye meza za nyanya, niwaongoze mpaka nyumbani."

Nikamjibu kama mtu wa mjini: "Usijisumbue, shem. Tuna ramani." (Shikeni hapo.)

Leo asubuhi Zawadi akanitumia lokesheni na ujumbe mrefu. Lokesheni nikaifungua. Ujumbe nikausoma mstari wa kwanza, "Habari za asubuhi mpenzi," nikaona yaliyobaki yatakuwa hayo hayo.

Sasa mjue jambo moja. Sisi ni Wanyakyusa, na kwa Baba mila haijalegea: mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Zawadi ni Mhehe, lakini Shangazi amemfundisha kwa simu mwezi mzima, namna ya kujifunika na upande wa kutazama. Baba alishatamka mapema kwamba utaratibu ukivurugika, anageuza gari kurudi Mbeya na posa imeishia hapo. Baba hatanii. Hata akitania hatujui.

Tumefika Ilula salama. Dada wa kwenye simu, ile sauti ya ramani, akasema tukate kushoto, tukakata. Tumeingia vumbi, tumepita mashamba ya vitunguu, mara dada akasema, "Geuza gari."

"Huyu binti amelelewa wapi?" Shangazi akauliza. "Anaamuru watu wazima hata hajasalimia."

Baba akasema tuulize watu. Nikamwambia kwa upole kwamba ramani imepata njia fupi zaidi. Tukageuza. Baada ya muda ikasema tena tugeuze. Nukta kwenye ramani ilikuwa inasogea, kweli niliiona inasogea, nikasema moyoni mtandao wa huku ni dhaifu. (Mimi nina diploma, jamani.)

Tukarudi mpaka lami. Dada akasema, "Umefika."

Nyumba ndogo ya bati, pazia mlangoni, viatu vya kike nje. Viatu vingi. Nikasema wamekusanyika kutupokea. Shangazi akashuka na kapu la zawadi kichwani, akapiga kigelegele ambacho nadhani kimesikika Iringa. Baba kama mkubwa wa msafara akatangulia. Akainua pazia kwa fimbo, akaingia na "Hodi wenyewe!"

Ilikuwa saluni.

Wanawake watatu, na msusi mwenye chanuo mkononi. Kwenye kiti kilichotazama mlango, nywele upande mmoja zina rola na upande mwingine zimesimama, alikuwa Zawadi. Amemtazama Baba. Baba amemtazama yeye.

Zawadi akajitupa chini nyuma ya kiti, akavuta taulo la mwenzake akajifunika. Mafunzo ya Shangazi yamekaa! Baba naye akageuka haraka atoke, akagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango. Akajaribu tena, akakutana na Shangazi anaingia, kapu kichwani, bado anapiga kigelegele. Ikabidi Baba asimame uso ukutani huku anasema, "Nitoeni. Nitoeni humu."

Garini amesema neno moja tu: "Mbeya."

Hapo ndipo nilipoumia, sitawaficha. Simu ikalia, ujumbe wa Zawadi: "Ulikuwa unanifuata MIMI? Nilikuandikia hiyo lokesheni inatembea na simu yangu, ukiona nimerudi nyumbani ndipo mje!" Kumbe huo ndio ulikuwa mstari wa pili wa ule ujumbe wa asubuhi.

Shangazi ndiye aliyeniokoa. "Kaka, hebu sema. Umeona nini mle ndani?"

Baba akapapasa paji la uso. "Nimeona rola."

"Basi umeona rola. Mkwe hujamwona. Twende."

Nikampigia shemeji kwa sauti ndogo. Akaja na pikipiki, akatuongoza, hakuuliza kitu. Nyumbani kwao tukapokelewa vizuri kabisa. Mzee Shabani akazungumza maneno yake matamu, wazee wakatikisa vichwa. Wakaletwa mabinti watatu wamefunikwa vitenge, Shangazi amtambue wetu, na Baba akageuzia kiti upande wa pili kama inavyotakiwa. Desturi ni kuzungukazunguka, kujifanya hujui, watu wacheke. Lakini kitenge cha katikati kilikuwa kimevimba upande mmoja. Shangazi akanyoosha kidole hata hajasimama.

"Mmemjua upesi hivyo?" baba yake Zawadi akauliza. "Mmeshamwona wapi?"

Mzee Shabani akakohoa, akaanza kusifia nyanya za Ilula.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo msusi alipoingia uani. "Kamwene wazee. Samahani, nimefuata rola zangu, bibi harusi amekimbia nazo." Akamwona Baba. "Eeh, mzee wa saluni! Paji la uso linaendeleaje?"

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Baba yake Zawadi akamgeukia Baba taratibu. "Mzee mwenzangu, kumbe mtoto umeshamwona?"

Baba hakugeuza kiti. "Nimeona rola."

Mzee yule alicheka mpaka akashika tumbo, na ua mzima ukafuata. Posa imepokelewa, kwa sharti kwamba siku ya mahari shemeji atasimama njia panda, na simu yangu atakaa nayo Shangazi.

Basi, nyanya zimepakiwa. Nimegusa simu kidogo tu, niangalie njia ya Iringa, Baba akaiona.

"Mzime huyo dada," amesema. "Asije akakupeleka kwa mama mkwe wako akiwa bafuni."