Wilaya ya Maji ya Zapalac Namba Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Washington imetukumbuka. Msiba. Barua imesomwa leo kwenye baraza la mji: kikosi cha mafunzo ya kuruka usiku huenda kikahamishwa kutoka Kambi ya Pruett mwakani. Marubani mia nne. Sare mia nne zinazochafuka kila wiki. Na nani anazifua, anazipiga pasi na kuzishonea beji? Mimi, Delmar Zapalac, ng'ambo ya lango la kambi, kama baba yangu na babu yangu. Kikosi kikiondoka, duka linafungwa kabla ya Pasaka. Sihitaji mtaalamu wa kuniambia hivyo. Hata hivyo baraza limeajiri mtaalamu.

Nilizitumia zile dakika tatu ambazo raia hupewa kusema barazani. Nikaanza na anguko la Roma. Meya Nelda Haverkamp akanikatiza Warumi wakiwa bado wanachimba misingi. Akasema, "Delmar, mpenzi, muda umekwisha." Mpenzi! Mwanamke huyu amenishinda uchaguzi mara mbili, na mara ya pili mke wangu mwenyewe alimpa kura.

Habari njema moja tu. Jimbo la Texas lina mpango wa mikopo kwa maeneo yanayoguswa na mabadiliko ya kambi za jeshi. Riba ndogo hadi inachekesha. Miaka ishirini ya kulipa. Na mimi nimeguswa! Onyesha mtu aliyeguswa kunizidi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepeleka makala gazetini: "Nani Anawafukuza Marubani Wetu?" Nilimtaja meya mara tisa. Mhariri amebakiza mara mbili. Hivi ndivyo udikteta unavyoanza, kwa mkasi.

Nimebuni mradi wa kuombea mkopo. Makumbusho ya Sare! Kikosi kikienda, watakuja watalii. Nimemweleza Lavonne wakati wa chakula. Mke wangu huyu ana kipaji cha kutafuna polepole mtu akiwa na wazo kubwa. Akauliza nani ataendesha gari kwa saa tano kutoka Dallas kuja kutazama suruali. Nikamwambia watu huendesha siku nzima kwenda kutazama shimo kule Arizona, na shimo halijapigwa pasi.

Akaendelea kutafuna. Alishindwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia simu Bwana Quintanilla, afisa wa mikopo kule Austin. Mpole hadi anaudhi. Anasema mkopo hapewi mtu binafsi. Hupewa serikali za mitaa tu: mji, kaunti, au wilaya ya maji, kile kiserikali kidogo cha kusambaza maji. Nikamuuliza mtu binafsi mwenye akili kuliko mji wake afanyeje. Akanishauri nikaongee na meya wangu. Nilikata simu kwa heshima, maana yake nilikata kwanza nikatukana baadaye.

Kisha, nikiwa katikati ya kupiga pasi kola, nikapigwa na radi. Wilaya ya maji!

Babu Alois alianzisha moja mwaka 1951. Eka kumi na moja nyuma ya duka, kisima kimoja. Kisima kilikauka 1963. Nikakimbilia kwa karani wa kaunti. Akafukua faili, akapiga chafya mara nne, akasema ajabu, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kisheria bado iko hai. Nina serikali uani! Iko kati ya mashine mbovu na pipa la taka.

Karani anasema inahitaji wakurugenzi watatu, wanaoishi ndani ya mipaka yake, na kikao kilichotangazwa mahali pa wazi siku tatu kabla. Akauliza wakazi wa sasa ni wangapi. Nikamwambia idadi inakua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekodi trela mbili za kuishi. Asije mtu akaniita tapeli. Hapa Texas matajiri wa kujenga nyumba hufanya hivi kila mwaka: wanaweka trela porini, wanaingiza wapiga kura wawili, na kufikia jioni pori limekuwa wilaya yenye haki ya kukopa mamilioni. Wao wanaitwa wawekezaji.

Trela ya kwanza, mimi na shemeji Wendell, kaka yake Lavonne, mtu anayetafuta kazi kwa tahadhari ili asije akaipata. Ya pili, mama mkwe, Mama Albina, miaka themanini na moja. Lavonne amekataa kuhama. Amesema katika familia hii lazima abaki mtu mmoja mwenye akili timamu na choo kinachofanya kazi.

Wendell aliuliza yeye anapata nini. Nimemwahidi cheo. Mama Albina aliuliza kahawa iko umbali gani. Kwa hiyo trela yake nimeiegesha jirani kabisa na duka, chini ya bango.

Bango! Urithi wa baba yangu. Suruali ya rubani ya taa za neoni, za kijani, mita kumi na nane kwenda juu. Miguu inapiga teke: kushoto, kulia, kushoto, kulia, usiku kucha na mchana kutwa. Inaonekana kutoka kaunti ya pili. Haijazimwa tangu 1978.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Albina hajalala siku mbili. Anasema hata akifumba macho anaiona suruali. Ametundika blanketi dirishani, suruali inapenya. Akaniomba niizime. Nikamweleza kwa upole kwamba demokrasia inadai kujitolea. Akauliza mbona demokrasia inampiga mateke yeye peke yake. Nikamnunulia kolachi nne za plamu, hivi vijimikate vya nyumbani kwao anavyovipenda. Akala vinne.

Tangazo la kikao nimelibandika. Sheria inataka mahali pa wazi. Nimechagua nyuma ya mashine ya soda. Ni pa wazi kabisa, ukiisogeza mashine.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hujuma. Mama Albina sasa anashinda dukani, anasinzia kwenye kiti cha wateja. Leo sarafu yake ikabingirika chini ya mashine ya soda. Akamwamuru Wendell aisogeze. Mtu huyu ambaye hajasogeza kitu tangu tufahamiane, aliisogeza!

Mama Albina akavaa miwani, akalisoma tangazo kwa sauti, koma na nukta. Mbele ya nani? Mbele ya Meya Nelda, aliyekuja kuchukua koti la mumewe. Meya alicheka mpaka akashika meza ya pasi, na meza ilikuwa ya moto.

"Delmar, mpenzi! Mji umekukataa, sasa umejishonea wako?"

Nikamjibu kwamba si mji, ni wilaya. Akauliza upinzani je, upo? Nikasema wilaya yangu haina upinzani, ina umoja. Mama Albina alikuwa anatafuna. Nikachukulia kwamba ameafiki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kikao cha kwanza cha Wilaya ya Maji ya Zapalac Namba Moja tangu 1963. Akidi imetimia: watu watatu, viti viwili. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kukubali uenyekiti.

Kura ya siri. Albina, mbili. Mimi, moja.

Nikadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa upya. Kura tatu hazichukui muda.

Nikamgeukia Wendell, nikamuuliza kwa nini, shemeji yangu, damu ya mke wangu. Akasema mimi nakoroma, na Mama amemwahidi siku shughuli ikiisha trela ile atabaki nayo peke yake. Kisha akaongeza, "Halafu yule ni mama yangu, bwana. Ulitaka nimpinge halafu Jumapili nikale wapi?"

Wendell ni mhazini. Mimi ni katibu. Katibu! Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na wengine. Hakuna adhabu katili kama hiyo katika historia, na historia nimeisoma.

Jumanne, 21 Oktoba

Bwana Quintanilla amefika kutoka Austin. Anataka kumwona mwenyekiti. Mwenyekiti alimpokea akiwa na kandambili na kikombe cha kahawa. Mimi niliandika.

Nikawasilisha Makumbusho ya Sare. Alisikiliza yote, na kwa hilo nampa sifa. Kisha akasema pesa hizi ni za kuifanya kambi ilifae jeshi zaidi kabla haijaondolewa kitu, na hapa Pruett jeshi lina lalamiko moja tu. Mwanga. Marubani wanajifunza kuruka gizani, kwa miwani ya kuonea usiku. Mwanga mkali kutoka ardhini unawapofusha.

Nikaruka juu. Uwanja wa mpira! Nilijua! Taa za kila Ijumaa, zilizowekwa na meya! Makala tatu nimeandika kuhusu zile taa!

Bwana Quintanilla akasema taa za uwanja zilifunikwa miaka miwili iliyopita. Akatandika ramani iliyopigwa kutoka angani. Mji wote mweusi, vizuri kabisa. Na pale ng'ambo ya lango, doa moja. La kijani.

Akasema marubani wana hata jina lake. Wakufunzi huwaambia wanafunzi, "Kaa mbali na Suruali." Mkufunzi mmoja ameripoti kwamba ikipiga teke la kulia, haoni kitu kwa sekunde kumi.

Wendell akainua macho kutoka kwenye ramani. Aliniuliza, kwa udadisi wa kweli, kama lile swali langu la gazetini, nani anawafukuza marubani wetu, lilishapata jibu.

Mama Albina alinitazama tu. Macho mekundu, siku kumi bila usingizi. Nimewahi kusoma kuhusu macho ya namna hiyo, kwenye sura za mapinduzi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kikao cha pili. Hoja ya mwenyekiti: wilaya iombe mkopo, ing'oe Suruali, na inunue taa zenye vifuniko kwa barabara nzima ya lango. Wendell ameunga mkono kabla hoja haijaisha.

Nikasimama kupinga. Nilikuwa na kurasa kumi na tisa. Mama Albina akaweka saa ya jikoni mezani, akaniambia nina dakika tatu. Nelda amemfundisha, nina hakika. Saa ikalia nikiwa bado nawasalimu wasikilizaji. Kura mbili kwa moja.

Nikatumia silaha ya mwisho. Nikauliza mkopo utalipwa na nani. Mhazini akajibu, na hapo nikajua kwamba amesoma kitu kwa mara ya kwanza maishani. Wilaya ina haki ya kutoza kodi mali zilizomo ndani ya mipaka yake. Mali zilizomo ni eka kumi na moja na duka moja.

Mlipa kodi ni mimi. Peke yangu. Miaka ishirini. Nimejianzishia serikali inayonitoza.

Halafu katibu akaagizwa aandike barua ya maombi.

Nilikaa nayo nikiwa na nia safi ya kuiharibu. Lakini aya ya pili nikakasirika, na mimi nikikasirika naandika vizuri. "Kwa miaka arobaini na saba kitu hiki cha aibu, kilichosimikwa kwa majivuno na kulindwa kwa ukaidi wa mtu mmoja, kimelipofusha jeshi lile lile linalomlisha..." Nikasimama nikajisomea kwa sauti. Nilitokwa na machozi. Si kwa uchungu. Kwa ubora wa ile sentensi.

Nimeipeleka. Kuichana ingekuwa dhambi dhidi ya lugha.

Ijumaa, 5 Desemba

Mkopo umepita. Bwana Quintanilla amesema hajawahi kupokea maombi yenye hasira ya kizalendo kiasi hicho. Winchi imekuja leo. Suruali ilishuka taratibu, mguu wa kulia ukipiga teke mpaka walipokata umeme. Lavonne alinishika mkono. Mama Albina alirudi ndani ya trela saa tisa mchana, akalala, na hadi naandika haya hajaamka.

Ijumaa, 16 Januari

Kikosi kinabaki! Barua imesomwa kwenye baraza. Mambo yaliyowapendeza: giza. Marubani mia nne, sare mia nne. Leo asubuhi nimepokea magunia sita ya nguo chafu, na sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo.

Meya Nelda amempa Mama Albina ngao ya shukrani. Picha iko gazetini. Mimi nimo, kiwiko kinaonekana vizuri. Mama Albina alisema kwa ufupi kwamba alichotaka yeye ni kulala. Umati ukasimama kumpigia makofi. Hotuba zangu za kurasa kumi na tisa hawajawahi hata kuziinukia, isipokuwa kuondoka.

Nilipotoka, Lavonne akaniambia, taratibu, kwamba duka limepona, kwamba kuna wakati mtu anashukuru Mungu na kutulia, kisha akauliza kama nimejifunza chochote. Nikamwambia nimejifunza mengi sana.

Kwa mfano, nimejifunza kusoma masharti. Nimesoma masharti yote ya mkopo, hata maandishi madogo. Wilaya hairuhusiwi tena kuwa na bango lenye mwanga "lililosimikwa ardhini". Ardhini! Hivi ndivyo wanavyoandika sheria kule Austin, na kisha wanashangaa wakikutana na msomaji.

Nimeagiza puto. La umbo la suruali. Mita tisa, la kijani, linawaka kwa ndani, miguu inatikiswa na upepo bila gharama ya umeme. Linafika Alhamisi. Wendell amekubali kushika kamba, nimemwahidi cheo.

Kamba ina mita mia mbili. Sasa waje wanieleze litamsumbua nani, huko juu ambako hakuna mtu.