Vijiti Vyangu, Firigisi ya Mzee

Leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa barabarani halafu unainama ukijifanya unafunga kamba za viatu. Hii ni ile ya kutafuta mahali pa kuweka uso, unakuta kila mahali pamejaa watu, na mmoja wao ameshika simu iko laivu.

Nyinyi mliokuwa kazini mkakosa mkutano wa kundi letu la Tambi na Tamthilia, nawasimulia mwenyewe kabla Bramwel hajawafikia na chumvi yake. Na wewe uliyeingia jana na bado hujui hili kundi ni la nini: sisi ni watu wa Kitale, Webuye na Bungoma ambao hata uwanja wa ndege hatujawahi kufika, lakini tunajua vile Wakorea hutia kabichi pilipili na kuiacha ichachuke, vile Wajapani hupanga wali kwa kisanduku, na vile Wachina huvuta tambi kwa mikono mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi. Tunatumiana video. Tunalia na tamthilia pamoja. Tunapika na vitu vya hapa. (Mimi niliwahi kuviringisha wali kwa jani la sukuma wiki, kwa sababu mwani Kiminini hauuzwi. Mlinisifu sana. Asanteni. Ulikuwa mbaya.)

Humo ndani naitwa Mwalimu wa Vijiti. Ukiniona kwa video nikinyanyua tambi kwa vijiti viwili, utadhani nilizaliwa navyo. Nje ya kundi mimi si mwalimu wa chochote. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa mama yangu Kiminini, nikakaa. Nashona nguo za watu kwa cherehani iliyo sebuleni, kwa hivyo hata kazi haijawahi kunitoa mlangoni. Ndiyo maana Bramwel, admin wetu, aliposema anaachia kiti na admin mpya atachaguliwa leo, tukikutana ana kwa ana mara ya kwanza huko Bungoma, sikulala vizuri wiki nzima. Wengi wenu mliniandikia, Mwalimu, hicho kiti ni chako. Na mimi nilikitaka, bana. Hicho ndicho kiti pekee duniani ambacho nimewahi kutajiwa.

Sasa ukweli. Vijiti vyangu nimevifunga kule juu na mpira wa nywele, katikati nikaweka karatasi iliyokunjwa. Vinabana vyenyewe, kama kibanio cha nguo. Mkono unafunika ujanja. Nanyanyua tambi, nazileta mpaka karibu na mdomo, nakata video. Zinazobaki nakula na uma. Miaka miwili nimefanya hivyo. Mtu mmoja tu alikuwa anajua, kwa sababu yeye ndiye huosha huo uma. (Mama.)

Asubuhi Mama akaniona nimevaa viatu. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

“Kuna msiba?”

Nikamwambia naenda Bungoma kuona marafiki.

“Wale wa ndani ya simu? Kumbe wana nyumba?”

Nikamweleza habari ya uchaguzi. Akasikiliza, akasema basi na yeye nimwingize kwa hilo kundi, ndiyo nikiibwa ajue ni nani wa kuulizwa. Nikamwingiza. Nikamwonyesha pa kusoma, pa kuandika, na pa kubonyeza kama kitu kiko laivu. Nikabeba mkebe wangu wa kabichi ya pilipili, nikaenda zangu, nikasahau kabisa kwamba Mama yumo. (Nyinyi msisahau.)

Mkutano ulikuwa kwa kina Nekesa. Nekesa ndiye yule wa kututumia video za maandazi ya mvuke ya Kichina. Anaishi na babu yake, ambaye kila mtu anamwita Mzee, na nyanya yake, ambaye anaitwa Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Tulifika watu kumi na mmoja. Tukakumbatiana kama watu waliopoteana vitani. Ajabu ni kwamba wote walikuwa wafupi kuliko kwa simu.

Mpango ulikuwa chungu cha pamoja, kama kwa zile video: supu ya pilipili inachemka kwa jiko katikati ya meza, kila mtu anatoa kipande na vijiti vyake, anakula, anatoa kingine. Uyoga, viazi, kabichi, tambi. Lakini Kukhu aliposikia kwamba wageni kutoka Kitale watapewa maji ya moto na majani, alikataa. Alisema nyumba yake haijawahi kumwaibisha mgeni na haitaanza leo. Akachinja jogoo. Jogoo akaingia kwa chungu, mzima, pamoja na vyote vya ndani vinavyolika.

Halafu Nekesa akaleta bakuli la malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, hutoka huko juu Kapsokwony, mlima Elgon. Mimi nimesumbua maduka ya Kitale mwaka mzima nikiulizia machipukizi ya mianzi ya mkebe, yale Wachina hupika, na hapa Kukhu anayapika na karanga tangu hajaolewa. Aliponiona nimeshangaa, akaniuliza kwa upole, huko Kiminini tunakula nini.

Hadi hapo nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilikuwa mwepesi. Kila mtu alikuwa ananiita Mwalimu, hata Kukhu.

Kisha Mzee akatoa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na vijiti, jozi kumi na tatu, amevichonga mwenyewe kwa mwanzi, akavisugua na msasa mpaka vinang'aa. Zamani alikuwa fundi wa viti. Alivigawa jozi moja moja kwa mikono miwili, kama mtu anayegawa vyeti. Nikasema mimi nina vyangu kwa mkoba. Nekesa akanikanyaga mguu. “Mzee amechonga wiki nzima,” akanong'ona.

Nikavipokea. Nikawaza: hakuna shida, nitasema naenda kunawa, nifike huko nyuma, nitoe mpira kichwani, nivifunge. Nikainuka. Lakini kwa nyumba ya watu wenye heshima mgeni haendi kunawa. Kunawa kunamjia. Kabla sijapiga hatua, Kukhu alikuwa mbele yangu na beseni na jagi. Akanimwagia maji. Akanipangusa mikono. Akanikalisha.

Bramwel akasimama kwa kiti na simu yake. “Wale mko nyumbani, tuko laivu Bungoma. Mwalimu anatufungulia chungu, halafu tupige kura.”

Sijawahi kushika vijiti visivyo na mpira. Kimoja kilielekea Kenya, kingine kikaelekea Uganda. Niliviingiza kwa supu nikitafuta uyoga. Supu ilikuwa nyekundu kwa pilipili, na kila kitu ndani kilikuwa na rangi moja. Nikakosa. Nikakosa tena. Nikaona watu wananingojea, nikasema, “Kwanza unaisikiliza supu.” (Sijui ilitoka wapi. Kuna mtu alitikisa kichwa kama yuko kanisani.)

Mara ya tatu vijiti vikabana kitu. Cha mviringo, kigumu kiasi. Uyoga huo! Nikakinyanyua juu kila mtu aone. Makofi yakaanza. Makofi yakapungua. Makofi yakakoma.

Nekesa akaniegemea sikioni. “Wambui, hiyo ni imondo.”

Imondo ni firigisi. Mimi ni Mkikuyu, lakini nimezaliwa Trans-Nzoia na majirani zangu wote ni watu wa huku. Sina kisingizio. Najua kwamba firigisi ya kuku kwa nyumba ya Mbukusu ni ya mwenye nyumba. Hata watoto wanaijua kwa sura. Kuna ndoa zimetikisika kwa sababu firigisi ilienda kwa sahani isiyo yake. Na mwenye nyumba alikuwa hapo, amekaa upande wa pili wa meza na kikombe chake cha chai, ananitazama mimi nimeinua mali yake hewani.

“Rudisha,” Nekesa akasema. “Polepole.”

Ikaanza kuteleza. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikabana zaidi. Firigisi ina mafuta. Vijiti vilikuwa vimesuguliwa na fundi.

Iliruka.

Ilipita juu ya malewa. Ilipita juu ya kabichi yangu. Bramwel, mtu wa kazi, aliifuata na simu njia yote. Ikatua ndani ya kikombe cha Mzee, na chai ikapanda ikamkaa kifuani, kwa shati jeupe ambalo baadaye niliambiwa ni la kanisa.

Chungu tu kilikuwa kinatokota.

Mzee akainamia kikombe. Akaangalia ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

“Imefika,” akasema. “Lakini hapa kwetu huletwa na sahani.”

Watu wakaanguka. Kukhu alicheka mpaka akashika meza. Na mimi ningecheka tu, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nafikiria kiti. Nikaanza kueleza. Nikasema vijiti vya kule Asia huwa na mikwaruzo ya kushikilia, hivi vya mwanzi wa Elgon vinateleza. (Ndiyo. Nimemwagia Mzee chai, halafu nikamlaumu kwa vijiti vyake.)

Hapo ndipo Bramwel akaanza kusoma komenti zilizokuwa zinaingia. Mtu wa Bokoli alikuwa ameuliza kama firigisi ni hai. Wengine wameweka vicheko tu. Kisha Bramwel akakunja uso.

“Huyu Mama Wambui ni nani?”

Nikakumbuka. Nikamwomba asisome. Akasoma, kwa sauti ya mtangazaji:

“Mpeni huyo mtoto uma. Hapa nyumbani hula na uma. Vijiti vyake hufunga na mpira wa nywele.”

Kabla sijasema neno, ikaingia nyingine.

“Mpira mwingine ameacha kwa cherehani.”

Nekesa akanyoosha mkono. “Mwalimu, leta mkoba.”

Vijiti vyangu vikatolewa, na mpira wao wa rangi ya waridi, na ile karatasi. (Risiti ya vifungo.) Vikazunguka meza mkono kwa mkono kama ushahidi mahakamani. Kila aliyevishika alivijaribu, na kila aliyevijaribu akasema, kusema kweli vinabana vizuri.

Wakati huo Kukhu alikuwa ameshika vijiti vyake, anavigeuzageuza. Kukhu hufuma sweta za wanafunzi. Sindano mbili ndizo maisha yake. Akanyoosha mkono bila haraka, akaingiza vijiti kwa kikombe cha Mzee, akatoa firigisi bila kudondosha hata tone, akaiweka kwa sahani, akamsogezea mwenyewe.

“Hii si ni kama kufuma?” akauliza. Akatuangalia sote. “Ndiyo mmekuwa mkifundishwa miaka miwili?”

Jina la Mwalimu likahama hapo hapo. Sikupinga. Ningepinga na nini?

Ikabaki kura. Nikainua mkono nijiondoe kwa heshima, lakini hakuna aliyeniona kwa sababu Nekesa alikuwa anazungumza. Alisema kundi limedanganywa vya kutosha, linataka admin anayejua kusema ukweli hata juu ya damu yake. Mzee, akitafuna, akaunga mkono. Hata si mwanachama. Mikono yote ikapanda. Na yangu pia, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuishusha.

Kwa hivyo admin wenu mpya ni Mama yangu, akiwa na saa nne tangu ajiunge. Hotuba yake ya kukubali aliiandika kwa komenti, na Bramwel akaisoma: “Sawa. Wambui usichelewe, umeacha sweta.”

Baada ya hapo tulikula, na sijui kama nimewahi kula hivyo. Nilipewa uma, hakuna aliyenicheka tena, yaani si kwa sauti. Mzee alimaliza kabichi yangu ya pilipili na ugali, akasema Wakorea ni watu wazuri. Kukhu alinifundisha vijiti mpaka nikaweza kunyanyua kipande kimoja cha malewa, polepole, bila mpira, na nikakila. Hiyo hakuna aliyerekodi. Nilipokuwa natoka, Mzee akaniita kando. Alikuwa amechukua jozi aliyonichongea, akaifunga kule juu na kipande cha tyubu ya baiskeli, fundo la fundi, safi.

“Hivi havitateleza,” akasema.

Sasa niko Kiminini, giza linaanza kuingia, na Mama ameshaweka sheria ya kwanza: kila video ya kula ionyeshe mpaka mtu amemeza. Sheria ya pili, kila anachoandika mtu kipitie kwa admin kwanza. Hiki mnachosoma kimengoja kibali karibu saa nzima, kwa sababu admin alikuwa anasonga ugali.

Kwa hivyo nawaomba msicheke. Na mkishindwa, chekeni kwa kuandika tu. Admin yuko hapa kando yangu na simu, na kila mmoja wenu akicheka, ananisomea.