Pumu Inakwisha, kwa Mujibu wa Grafu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu anataka grafu ya pumu ya miaka thelathini: wangapi wameugua, wangapi wamekufa. Kamati inakaa Ijumaa. Atakayemridhisha atapewa ukuu wa masjala. Nafasi yangu hiyo! Madaftari ya wagonjwa ni thelathini, vumbi tupu. Daftari la vifo ni moja, jembamba. Nimechukua jembamba. Karani mwenzangu, tunayemwita Rula kwa kupenda kupiga mistari iliyonyooka, anayahesabu yote kwa penseli. Maskini, atazeekea humo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza kabla ya chai ya saa nne! Mstari unashuka raha mustarehe. Juu nimeandika: PUMU INAKWISHA. Nyumbani nimemwonyesha dada, ambaye ana pumu tangu utotoni. Amecheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Kamati imenipigia makofi. Makofi! Halafu mwenyekiti akauliza: kama pumu inakwisha, chumba cha pumu cha nini? Kuanzia Jumatatu ni stoo ya viti. Wote wakanyoosha mkono. Na mimi nikanyoosha, maana nilikuwa bado natabasamu. Njiani ndipo nikakumbuka: dada huchukua dawa yake ya kuvuta chumba hicho hicho.

Jumatatu, 10 Machi
Dada amekuta kufuli mlangoni. Amerudi akishika ukuta. Rula naye amemaliza kuhesabu. Wagonjwa wameongezeka mara tatu. Wanaokufa ndio wamepungua, tena tangu chumba kile kifunguliwe. Ameniambia kwa upole niende kwa mganga mkuu nikaseme nimekosea. Upole wake unaniudhi. Nimejibu nitaangalia.

Jumatano, 12 Machi
Dada amezidiwa asubuhi. Hakuweza kumaliza hata sentensi moja. Nimemkimbiza hospitali, wamemwahi. Yuko wodini na hewa ya mtungi. Aliniuliza nani amefunga kile chumba. Nikasema kamati. Akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, wewe uko karibu nao, waambie wakifungue." Nikatoka nje nikalia. Mimi ni mtu bure kabisa.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeamua kuungama. Nimefika mpaka mlangoni kwa mganga mkuu, mkono uko kwenye kitasa. Hapo hapo wazo! Nimerudi mbio, nikageuza karatasi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha na kufuatisha mstari kwa nyuma. Sasa unapanda! Nimeandika: PUMU INAUA ZAIDI. Watashtuka, chumba kitafunguliwa, na masjala bado ni yangu. Rula ameitazama, akasema grafu hii inaonyesha watu walianza kufa kwa wingi chumba kilipofunguliwa. Wakiiamini, hawatakifungua kamwe. Wivu tu. Nimeupaka mstari rangi nyekundu na kuipeleka mwenyewe kwa mganga mkuu.