Gundi ya Fabiani

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Kasulo.

Daktari amesema moyo wangu umepanuka. Marehemu mke wangu angeshangaa. Yeye alikuwa akisema ni mdogo kama punje ya ulezi.

Padri alikuja Ijumaa kunipa komunyo. Nikaungama dhambi ya mwaka 1971. Nilitegemea rozari tatu, zikizidi nne. Akasema malipizi yangu ni kwenda Nyakisasa kwa Fabiani na kumweleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikauliza, barua je? Hapana. Zawadi je? Akasema zawadi haikatazwi, lakini mdomo kwanza.

Nimeshika kwamba zawadi haikatazwi.

Dhambi yenyewe niiandike, maana nikiitamka nashikwa na kikohozi. Tulikuwa na bendi ya vijana wa parokia. Mimi kodiani, Fabiani gitaa la besi alilolichonga mwenyewe. Kiongozi akasema kodiani yangu inafunika besi. Nikatolewa! Tulikuwa tunakwenda kushindana Biharamulo siku ya Jumamosi, nami nikapewa kazi ya kubeba mizigo. Jumatatu ya wiki hiyo shingo ya gitaa la Fabiani ikalegea. Akanituma Ngara kwa baiskeli kumnunulia gundi ya mbao. Nikainunua. Njiani nikaimimina katika chupa ya wino, na katika kopo la gundi nikatia uji mzito wa muhogo.

Rangi moja. Utelezi mmoja. Fabiani akaipaka kwa mikono yake, akanishukuru.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Shingo ingechomoka Alhamisi kwenye mazoezi, besi ingekosekana, kodiani ingerudi. Haikuchomoka Alhamisi. Ilichomoka Jumamosi, Biharamulo, mbele ya watu mia tano, katikati ya wimbo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Fabiani hakushika tena chombo cha muziki. Tukawa wa mwisho. Na mimi nikabeba mizigo kurudi.

Mpango: nitamtengenezea gitaa jipya la besi. Nitampa. Kisha nitasema. Mtu mwenye gitaa mikononi hawezi kukasirika sana.

Jumatano, 6 Novemba

Mbao zimepatikana. Mninga mkavu wa miaka arobaini. Consolatha, binti yangu, ameingia chumbani kutandika, akauliza upande wa kichwani wa kitanda changu umekwenda wapi. Nikamwambia uko kwa Danstan fundi seremala. Akasema watu wazima wengine wakiugua huomba supu.

Danstan nilimfundisha darasa la nne. Kuzidisha hajui hadi leo, ila ana mashine. Ameukata ubao kwa dakika kumi, akaugeuzageuza mbele ya wateja, akauliza, Mwalimu, hili ni gitaa au mwiko wa kupikia ugali wa msibani? Wateja wakacheka. Nikamwambia apunguze mdomo. Akasema shingo tuishike kwa skrubu nne na habari iishe. Nikakataa. Lile la kwanza lilikuwa la gundi, na hili litakuwa la gundi. Akasema basi gundi nikachague mwenyewe, yeye hataki lawama.

Nimeagiza pia pombe ya ndizi. Kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Mnakaa, mnanyonya kibuyu kimoja kwa mrija mmoja, ndipo neno linatoka. Consolatha amevumbika ndizi. Hakuuliza naomba radhi ya nini. Amekuwa akinitazama tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Ngara mjini kwa bodaboda. Consolatha alimwapisha dereva aende taratibu. Akaenda taratibu hata tukapitwa na mtu anayekokota baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Yule mtu alitupungia mkono.

Dukani kwa Yunusu. Babu yake ndiye aliyeniuzia ile ya 1971, kaunta ni ileile. Yunusu akaniamkia vizuri, akanipa kiti, akapanga gundi mbele yangu kama dawa. Nyeupe ya mbao. Ya njano ya mafundi viatu. Ya matone, inayoshika papo hapo. Na ya tyubu mbili unazochanganya, ambayo alisema hata jiwe litavunjika kabla yake. Akauliza ninaunganisha nini na nini.

Swali jepesi. Nikasema nipe zote.

Nilipofika nyumbani nikaijaribu ya matone. Inashika kweli. Imeshika kidole gumba na miwani. Nimekula chakula cha jioni huku nikiwa nimenyoosha mkono usoni kama askari anayepiga saluti, mpaka Consolatha alipoleta maji ya moto na sabuni.

Kisha simu. Claudia, binti wa Fabiani. Shikamoo baba mdogo, baba haendelei vizuri, hali chakula, na kila siku anakutaja. Ana neno anataka kukwambia kabla hajaondoka. Nikauliza neno gani. Akasema hakumwambia, amesema ni la watu wawili.

Anajua! Miaka hamsini na mitatu, kumbe anajua.

Basi gitaa lazima liwe kamilifu. Siwezi kwenda kwa mtu anayejua na kitu cha ovyo.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Kifua. Nimefanya jaribio la kisayansi verandani. Vijiti vitano vilivyokatwa vikaunganishwa tena, kila kimoja kimeninginizwa tofali tangu jana. Vinne kwa gundi za Yunusu. Cha tano kwa uji wa muhogo, nilioupika mwenyewe Consolatha alipokuwa kisimani.

Asubuhi: ya matone imeachia. Ya njano inanyumbuka kama ubani wa kutafuna. Ile ya tyubu mbili nilichanganya vibaya, bado majimaji. Nyeupe imeshika. Na uji umeshika!

Nilikaa nikautazama ule uji. Saa nne mvua ikaja, paa likavuja tone moja, la pili. Tofali lake likaanguka palepale, nusura liue kuku.

Kumbe ndiyo hivyo. Alhamisi ile ilikuwa ya jua kali. Jumamosi Biharamulo palikuwa na manyunyu. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na minne bila kujua hili.

Nimechagua nyeupe. Ileile aliyoiomba. Chupa ya wino ninayo bado, iko kwenye sanduku, chini ya vyeti. Gundi iliyomo imekauka ikawa jiwe.

Jumanne, 12 Novemba

Pombe iko tayari. Gitaa haliko tayari. Nimepaka gundi jana, nimeifunga shingo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nimebana mpaka vidole vikafa ganzi. Maandishi kwenye chupa yanasema saa ishirini na nne. Leo asubuhi nikafungua kidogo kuona kama imeshika. Ilikuwa inashika. Nilipofungua ikaachia. Nimepaka upya.

Danstan alipita kutazama. Akasema, Mwalimu, huwezi kupanda mahindi ukawa unayafukua kuona kama yameota. Huyu! Alirudia darasa la nne mara mbili.

Claudia amepiga tena. Baba anasema njoo, hata leo, njoo hivyo hivyo ulivyo. Nikasema Alhamisi. Akasema, sawa baba mdogo, nitamwambia asubiri.

Consolatha alisikia. Akasema Nyakisasa si Ulaya, niende leo na kibuyu, gitaa litanifuata. Nikamweleza kwamba kazi nusu ni tusi. Akasema hajui ninachokimbia, ila anaona vumbi.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikwenda. Nilifungua tena jana. Kidogo sana! Upande mmoja tu. Nimepaka mara ya tatu.

Pombe imechacha. Consolatha amechungulia kibuyu, akageuza uso. Siwezi kumpelekea mtu siki nikamwomba radhi. Ametengeneza nyingine kwa ndizi za jirani.

Kumpigia Claudia nimeona aibu. Nimemtumia ujumbe: kesho bila kukosa. Akajibu: baba amelala nje kivulini leo, ameuliza kama hiyo pikipiki inayopita ni yako.

Jioni nimeifungua mipira. Imeshika! Nimefunga nyaya nne za breki za baiskeli, nikakaza, nikagusa ile nene kabisa. Sauti ikatoka. Nzito, ya chini, ikapita kwenye meza ikaingia mifupani. Sauti ya Fabiani kabisa. Nililia. Consolatha akaja mlangoni na unga mikononi, akasimama mpaka sauti ikaisha.

Kesho asubuhi. Nimepiga pasi koti.

Ijumaa, 15 Novemba

Fabiani amefariki alfajiri.

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Gundi imekauka vizuri sana.

Jumapili, 17 Novemba

Tumemzika jana. Nimeshindwa kuandika jana.

Nilikwenda na gitaa na kibuyu cha pili. Pombe walipewa wachimba kaburi. Gitaa watu walilipokea kama mtoto. Claudia akaniweka kwenye kiti pamoja na wafiwa, wakasema huyu ndiye rafiki wa mzee, ameuza kitanda chake kumtengenezea gitaa. Sikusahihisha kuhusu kitanda.

Padri alikuwepo. Alinitazama mara moja. Macho yake yaliuliza, nami nikatazama viatu.

Baada ya misa Claudia akainama sikioni pangu. Akasema lile neno baba aliliacha kwake usiku ule, alipoona sifiki. Akasimama ili wote wasikie, maana baba alitaka liwe wazi. Akasema Fabiani alikuwa ananiita aniombe msamaha. Kwamba mwaka 1971 mimi nilikwenda Ngara na kurudi kwa baiskeli nikamletea gundi nzuri, na yeye akaipaka vibaya. Mikono yake ndiyo iliyotuangusha Biharamulo. Kwamba tangu siku ile hakuiamini tena. Hata mpini wa jembe alikuwa anapeleka kwa jirani amtilie. Mwanawe akizaliwa alikuwa hampokei mpaka aketi chini kwanza, asije akamwangusha.

Maisha yote!

Akasema baba alitaka kujua jambo moja tu, kama nimemsamehe. Akaniuliza pale, mbele ya watu wote, jeneza likiwa katikati.

Nilisimama. Mdomo huu ndio Padri alioutaka. Ulifunguka. Niliyaona maneno yote yamejipanga, uji, chupa ya wino, kodiani. Nikamwona Claudia, macho mekundu, anasubiri kitu kizuri kwa ajili ya baba yake.

Nikasema, nimemsamehe.

Watu wakasema amina. Mama mmoja akanishika bega, akasema wazee wa namna hii hawazaliwi tena. Padri akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Waliegemeza gitaa kwenye msalaba wa kaburi. Nikarudi nyumbani nikiwa na wali kwenye majani, heshima ya rafiki wa marehemu. Nimeula. Hilo nalo naliandika.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua usiku kucha.

Claudia amepiga asubuhi. Wamelikuta gitaa chini, shingo huku, mwili kule. Ile nyeupe, kumbe, maji haiyawezi. Sikusoma maandishi ya nyuma ya chupa. Claudia hakulaumu. Alicheka kwa huzuni, akasema, baba mdogo, kumbe na wewe mikono yako ni kama ya baba. Angefurahi kujua.

Simu ilipokatika nilikwenda kwenye sanduku nikaitoa chupa ya wino.

Nimeamua. Safari hii sina mchezo. Claudia lazima ajue kwamba mikono ya baba yake haikuwa na kosa lolote, na ajue kutoka kwangu, kwa mdomo wangu, nikiwa hai. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu walewale. Chupa ya wino nitakwenda nayo iwe ushahidi.

Lakini siwezi kwenda kusema neno zito namna hiyo wakati gitaa liko vipande viwili. Ingekuwa dharau kwa marehemu. Nimemwomba Claudia anitumie vipande kwa bodaboda.

Nimempigia Yunusu. Anasema ile ya tyubu mbili haijali mvua, nilikosea vipimo tu. Sehemu moja kwa moja. Inahitaji siku tatu, nne kama hewa ina unyevu, tano kwa usalama. Nimemwambia aniwekee.

Consolatha nimemwambia avumbike ndizi nyingine. Amesimama akanitazama, jembe begani. Akauliza, Baba, daktari alisema umebakiwa na siku ngapi?

Nikamjibu hakutaja. Zitatosha kukausha gundi.