Nguzo Isiyojua Kusalimia

Kwa Mhariri,
Gazeti la Wilgarra,
Queensland.

Ndugu Mhariri,

YAH: NGUZO YA NJIA PANDA YA GHALA LA NGANO

Natumaini u mzima, na ule mguu ulioteguka kwenye maonyesho ya kilimo umeshapona. Mimi mwili hauna neno, ila moyo wangu umechafuka, na aliyeuchafua ni nguzo.

Wasomaji wako wanaijua. Ni ile ya kijivu iliyosimikwa na halmashauri, inayozungumza na magari kwa mawimbi ya redio. Gari lako linaiambia liko wapi na linakwenda kasi gani, nayo inayaambia magari mengine, na skrini ya kila dereva inalia kumjulisha kwamba mwenzake anakuja. Vifaa tulifungiwa bure, na soseji za kuchoma tukapewa. Sikupinga siku ile kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Leo nina malalamiko yafuatayo.

1. Nguzo haina adabu. Hapa kwetu ukikutana na gari barabarani unainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Kimoja tu, kupunga mkono mzima ni mambo ya watalii. Asiyeinua ni mgeni, au ana jambo na wewe. Nguzo hii inakutana na magari ya wilaya nzima na haijawahi kumwinulia mtu chochote. Nilimweleza Injinia Nair, aliyekuja kuifunga, naye akanijibu kwa upole, "Mama Coral, hii haisalimii. Inatoa taarifa tu." Nikamwambia, "Hata polisi wanatoa taarifa, mwanangu, lakini wanaanza na habari za asubuhi."

2. Nguzo ni mmbea. Juzi nilifunga breki ghafla kwa ajili ya kangaruu aliyekaa katikati ya lami akijikuna. Kabla sijamaliza kumtukana, lori la kondoo lililokuwa nyuma yangu lilikwisha kuambiwa na kupunguza mwendo. Dereva akapita huku anacheka, "Vipi bibi, mmegombana?" Mambo yangu na mnyama yule yalikuwa yetu wawili.

3. Hili ndilo linaloniuma. Dada yangu Glenys na mimi hatusemezani tangu alipokuwa jaji wa skonzi kwenye maonyesho, akanipa nafasi ya pili na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba zangu ni kavu. Hata hivyo, kila asubuhi mimi nikitoka dukani na yeye akienda kulisha kondoo wake, tulikuwa tunakutana pale ghalani, na kila mmoja anainua kidole. Ndicho kilichobaki cha undugu wetu. Tangu nguzo ije, skrini yangu inalia, natazama kamshale kanakoonyesha ni gari la nani linalokuja, nihakikishe kwamba ni yeye, nikiinua macho ameshapita. Sijaona kidole chake mwezi mzima. Nasema wazi, Mhariri, usiku silali. Mume wangu alishafariki, watoto wako Perth, na dada ninaye mmoja tu.

4. Kwa hiyo naomba nguzo ifungwe kidole cha chuma kinachoinuka kila gari likipita. Hilo likishindikana, kila gari liiambie nguzo kama dereva wake ameinua kidole, na ambaye hakuinua aeleze sababu kwa maandishi mbele ya kikao cha halmashauri. Halmashauri pia itunge sheria ndogo ya kuzuia nguzo kujua mambo ya ukoo wa mtu bila kuja kunywa chai kwake kwanza.

5. Yote hayo yakishindikana, ing'olewe. Nina trekta na mnyororo, na simwogopi mtu.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, paka wa ofisini na wana Wilgarra wote, isipokuwa majaji wa skonzi.

Wako mtiifu, kwa leo,
Coral Ruddick (Bi.)

N.B. Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Asubuhi hii nilisimamisha gari katikati ya njia panda nikaenda kuipima nguzo, nione kama mnyororo utatosha. Gari likaiambia nguzo limekwama, nguzo ikamwambia Glenys, na Glenys akaja mbio, vumbi juu, akashuka na ndara za ndani. "Coral! Uko hai wewe?" Nikamjibu niko hai, asiyejali ni yeye aliyeacha kuniinulia kidole. Akashika kiuno. "Mimi? Mwezi mzima nakuinulia kidole mpaka kinaniuma, wewe umeinamia hiyo skrini kama kuku anatafuta punje! Nikajua bado umeninunia, nikawa nalia njia nzima." Tulikumbatiana, tukanywa chai ya chupa yake palepale chini ya nguzo, na anakuja kwangu Jumapili.

Nguzo isiguswe. Injinia Nair aje anitolee skrini tu, ama aniwekee ya kulia bila picha. Tukiwa bado tunakunywa chai, lile lori la kondoo lilipunguza mwendo likatupita taratibu, nasi tukainua vidole wote wawili. Dereva hakutuona. Alikuwa anatazama skrini.